Komeo la Mama Pacha

Tuanze na masikio, maana mwenyewe angependa tuanze hapo. Fundi Sauti alikuwa na masikio mawili kama wewe na mimi, ila yeye aliyabeba kana kwamba ameyaazima serikalini na siku moja atayarudisha kwa sherehe. Akiingia ukumbini kufunga maspika, uwe ukumbi wa harusi, wa mkutano wa wakubwa au wa msiba wa mtu mzito, hasalimii mtu. Anasimama katikati, anapiga kofi moja, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: kona ile inarudisha sauti, dari lile litawaaibisha, na aliyepanga viti hivi hajui kitu. Watu wanamtazama kama wanavyomtazama daktari bingwa. Naye anajua wanamtazama, ndiyo maana alikuwa anafumba macho kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Kasoro yake ni kwamba hakujua kuivua. Wenzake waliiacha karakana pamoja na bisibisi. Yeye alirudi nayo mpaka mezani, mpaka kitandani. Mtoto akilia, anakwambia kilio hicho ni cha puani. Mgeni akibisha hodi, anakwambia mbao za mlango zimeanza kulika. Mkewe akianza kumsimulia jambo la kazini, anamkatiza katikati: "Leo unaongelea kooni. Kunywa maji." Na jambo lenyewe linaishia hapo, halijulikani lilikuwa jambo gani.

Mke huyo aliitwa Mama Pacha, kwa sababu aliwazaa pacha, na pacha walikuwa wameshakua wakaenda zao, kila mmoja na mji wake, wakaacha chumba chao na vitanda viwili vilivyotandikwa. Alikuwa mfamasia wa hospitali, mkuu wa dirisha la dawa, mwanamke mtulivu asiye na maneno mengi. Siku moja alirudi kutoka kazini na gitaa.

Lilikuwa gitaa kubwa, lenye tumbo la mbao na matundu mawili yaliyopinda kifuani, kuukuu, alilolipata kwa mtaalamu wa eksirei aliyekuwa anahama. Fundi alilitazama kama mtu aliyeletewa kuku aliyekwisha kufa.

"La nini hili?"

"La kupiga."

"Apige nani?"

"Mimi, Baba Pacha. Kuna nani mwingine humu?"

Akamweleza kwamba anataka kujifunza jazi, ile ya mtu mmoja peke yake. Kidole gumba kinatembeza besi huku chini, vidole vingine vinajaza katikati, na wimbo unakaa juu, vyote kwa gitaa moja, bila mwimbaji wala mpiga ngoma. Alishatazama video, alishapata masomo. Kelele hazitaki, alisema. Anataka sauti yenye joto, ile inayomfanya mtu aliyesimama atafute kiti. Fundi akacheka kwa pua. Katika miaka yake yote ya kufunga maspika, walioomba sauti yenye joto walikuwa ni wale wasiojua wanachotaka, na sasa amegundua kwamba ameoa mmoja wao.

"Mtu mmoja anafanya kazi za watu watatu," alimwambia Mrefu, mwenzake wa karakana. "Huo sio muziki, huo ni uchoyo."

Mrefu akacheka. Mrefu alikuwa anacheka kila Fundi aliposema kitu, hata Fundi aliposema mvua inakuja.

Mama Pacha hakubishana na mtu. Alikata kucha za mkono wa kulia mpaka zikaisha. Ncha za vidole vya kushoto zikamchubuka, zikapona, zikaota sugu, hata akawa anashika kikombe cha chai ya moto bila kujua ni cha moto. Aling'oa nyuzi alizozikuta, akaweka zile nene zenye mwili laini, zisizopiga mluzi kidole kinapoteleza. Kile kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi akakitupa, akawa anapiga kwa nyama ya gumba, karibu na shingo ya gitaa, mbali na kule nyuma ambako nyuzi zinakuwa kali. Kidude cha kupunguza ukali akakirudisha nyuma kidogo, akasikiliza, akakirudisha kidogo tena. Alifanya kama alivyofanya kazini: anapima, anatoa, anangoja aone mwili umepokeaje.

Sasa ikaja Jumapili moja, wamealika watu chakula cha mchana. Alikuwepo Mrefu na mkewe, na alikuwepo shemeji, yaani mdogo wake Mama Pacha, mwalimu wa udereva, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kuwaambia watu washike breki. Walipomaliza kula, shemeji akasema gitaa liletwe. Dada yake akakataa, akakataa tena, akaenda kulileta.

Alikaa ukingoni mwa kochi. Alichomeka waya kwenye kispika kidogo ambacho Fundi alishakitupa stoo, akainama, akapiga. Alipotea mara mbili, akarudi, besi ikamkimbia, akaifuata, lakini alifika mwisho wa wimbo, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kitu kigumu akiwa mtu mzima mbele ya watu anajua kufika mwisho ni kazi. Wakapiga makofi. Kisha wote wakamgeukia Fundi, maana si ndiye bingwa.

Angepiga makofi angepungukiwa nini? Hakuna. Angesema hongera mama watoto, angemeguka wapi? Si popote. Lakini yeye akafumba macho.

"Nyembamba," alisema. "Inakwaruza. Kama kijiko kinakomba ukoko wa sufuria."

Na kama vile hiyo haitoshi, akabana pua kwa vidole viwili akaigiza: nying'i, nying'i, nying'i. Aliigiza vizuri, kwa sababu ni fundi. Mrefu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mke wa Mrefu akacheka kwa sababu mumewe anacheka. Hata shemeji kicheko kilimponyoka, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Pacha naye alicheka. Akafuta gitaa kwa kitambaa, akalipeleka chumba cha pacha, akarudi na birika la chai, akamimina vikombe vyote bila kumwaga tone.

Hapo mtu mwenye akili angeogopa. Fundi aliongeza sukari.

Kesho yake Mama Pacha alirudi na seremala. Seremala akafunga komeo kwenye mlango wa chumba cha pacha, upande wa ndani, komeo nene la chuma, lililoingia tunduni kwa mlio ambao Fundi aliusikia kutoka sebuleni.

"Komeo la nini tena?" aliuliza.

"La mlango," alijibiwa.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini Mama Pacha alikula, akaosha vyombo, akaingia chumba cha pacha, komeo likalia. Fundi mwanzoni alijitia hamnazo. Mwanamke amenuna, atachoka, hivyo ndivyo alivyomwambia Mrefu. Wiki ya pili akaanza kupita koridoni bila shughuli. Akaanza kutoa ushauri ambao hakuombwa, kwa sauti, kupitia mbao za mlango: "Besi haisikiki. Unaharakisha hapo. Bonyeza vizuri." Kila akisema, gitaa linanyamaza. Akikohoa tu, linanyamaza. Halilii tena mpaka nyayo zake ziondoke. Aliona ajabu kwamba mtu anakataa elimu ya bure.

Akabadilisha mbinu. Akaleta spika kubwa kutoka karakana, nzuri kweli, akaiweka mbele ya mlango kama zawadi. Mama Pacha akashukuru, akaiingiza ndani, akawa anawekea juu yake nguo za kupigwa pasi. Akaleta mashine ya kurekebisha sauti yenye vidude vingi vya kusukuma juu na chini. Ikakaa sebuleni mpaka ikashika vumbi. "Nifungulie tu nikutengenezee," alimwambia mezani. "Nimeridhika, Baba Pacha," mkewe alijibu, akamsogezea chumvi.

Ndivyo walivyokuwa wanaishi: chumvi inasogezwa, salamu inajibiwa, nguo zinapigwa pasi. Kinachoulizwa kinajibiwa, kisichoulizwa hakisemwi. Hakuna tena mtu wa kuanza kumsimulia jambo la dirishani akamkatiza. Na hapa tuseme ukweli ambao yeye asingeusema hata ungembana vidole mlangoni: Fundi alikuwa na kiu ya mkewe. Jioni zake zilibaki za televisheni na karanga. Kurekebisha gitaa ilikuwa kisingizio tu. Alichotaka ni kitu kimoja, mlango ule ufunguliwe, na mwenye gitaa amwambie ingia. Kusema samahani hakukumjia kichwani, au kulikuja kukapita kama basi lisilo lake.

Basi akahamia koridoni. Alipeleka kigoda, akabeba na kikapu cha nyaya za kuunga, ili akiulizwa aseme anafanya kazi, na akajifunza kitu alichokuwa hajawahi kukifanya nyumbani kwake: kunyamaza. Hakukohoa. Akiwashwa koo, anameza mate. Ndani gitaa likazoea kwamba hayupo, likaanza kwenda bila kukatika, siku moja, siku ya pili, wimbo uleule unarudiwa, unavunjwa, unaungwa upya.

Na jioni moja akasikia joto.

Alikuwa ameshika waya kwa meno. Ikatoka sauti ya chini, ya mviringo, isiyo na kona hata moja, ikaja ikakaa kifuani pake kama maji ya uvuguvugu. Besi ilikuwa inatembea polepole kama mtu anayekagua bustani yake, na juu yake zile nyingine zimetulia, hakuna iliyokwaruza, hakuna iliyopiga kelele. Fundi akautoa waya mdomoni. Nywele za mkononi zilimsimama. Alishafunga maspika ya wanamuziki wakubwa waliokuja na wasaidizi na masanduku, na hakuwahi kupata sauti ya namna ile kutoka kwenye mashine yake yoyote.

Badala ya kufurahi, alianza kuchunguza, maana ndivyo alivyoumbwa. Kesho yake, mkewe akiwa kazini, aliingia chumba cha pacha kama mwizi katika nyumba yake. Kulikuwa na gitaa juu ya kitanda, kigoda, kile kispika cha kutupwa, na nguo juu ya spika nzuri. Hakuna mashine ya siri. Akalichukua gitaa, akagusa uzi kwa gumba. Nyembamba. Akagusa karibu na shingo. Nyembamba, afadhali kidogo. Akazungusha vidude vyote vya kispika, akavirudisha vilivyokuwa ili asijulikane. Hakuna joto. Akaketi kitandani kwa mmoja wa pacha, gitaa mapajani, akafikiri kwa bidii, na akafikia uamuzi: kama si mashine, na si nyuzi, na si mbao, basi ni vidole. Mkewe ana vidole vyenye joto. Ameipata hiyo sauti peke yake, humu ndani, bila yeye.

Kumbuka aliyefikiri hivyo ni bingwa, mtu anayepiga kofi moja akaujua ukumbi mzima. Na kumbuka pia kwamba wakati anafikiri, mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na hakuutazama hata mara moja.

Uamuzi huo ulimwingia vibaya. Fundi Sauti, ambaye hajawahi kusifu kitu kilichotoka kwenye mkono wa mtu mwingine, akaanza kusifu. Alianzia karakana. "Mke wangu," alimwambia Mrefu, "ana sauti ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitengeneza." Mrefu akacheka, akamtazama, akaona hacheki, akaacha. Akamwambia mwenye duka la nyaya. Akamwambia mteja aliyekuja kukodi mikrofoni mbili na hakuuliza habari za mke wa mtu. Akamwambia shemeji kwenye simu, na hilo ndilo lililofika, maana kumwambia shemeji ni sawa na kutangaza redioni.

Shemeji akamwendea dada yake dirishani hospitalini, nyuma ya foleni. Akamwambia: mumeo anakusifu kwa watu. Mama Pacha akadhani ni mzaha. "Nakuapia," shemeji akasema, "nilimsikia mwenyewe. Amesema hajawahi kusikia sauti yenye joto kama yako. Mimi nilidhani ana homa." Mama Pacha akaendelea kubandika vikaratasi kwenye chupa za dawa. Lakini alibandika kimoja kichwa chini, na kwake yeye hilo halikuwa jambo dogo.

Siku chache zikapita. Mama Pacha alikuwa anaingia chumbani, komeo linalia, wimbo uleule unapigwa mpaka mwisho, unarudiwa, kwa uangalifu zaidi, kama mtu anayefagia kwa sababu wageni wanakuja. Fundi koridoni alikuwa anafumba macho. Hakujua kwamba kigoda chake kinalia kila anapojigeuza, na mkewe amejua siku nyingi kwamba yupo.

Kisha jioni moja, jua bado lipo dirishani, komeo likarudi nyuma. Mlango ukafunguliwa, Mama Pacha akasimama pale amevaa sweta lake la nyumbani, na usoni ana kitu ambacho Fundi hakukiona tangu ile Jumapili.

"Ingia, Baba Pacha," alisema. "Njoo ukae usikie vizuri."

Fundi aliinuka haraka, kikapu cha nyaya kikamwagika, akakiacha hapohapo. Aliingia. Akakaa kwenye kitanda alichokalia siku ile ya wizi. Mama Pacha akakaa kwenye kigoda chake, goti kwa goti naye karibu, akaliweka gitaa, akapumua. Tuseme jambo hili wazi, ili lisije likapotea: alipiga vizuri. Besi haikumkimbia. Wimbo ulikaa juu, ukapanda, ukashuka, ukangojea pale pa kungojea. Hakupotea hata mara moja. Alikuwa anapiga kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele yake, na mara mbili aliinua macho kumwangalia.

Na ilikuwa nyembamba.

Fundi aliisikia tangu mguso wa kwanza. Ule ukali wa juu ulikuwa palepale, umepungua tangu siku ya kijiko na sufuria, lakini upo, na kispika kile cha kutupwa kinautoa wote, hakibakizi. Joto halikuwepo. Alifumba macho, akafumbua, akageuza kichwa, sikio la kulia, sikio la kushoto. Na ndipo macho yake yakaangukia mlango uliokuwa wazi, mlango mzuri, mzito, wa mbao ngumu, na yote yakamfungukia kwa mpigo.

Wimbo ukaisha. Mama Pacha akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha.

"Haya," alisema, kwa sauti ndogo. "Niambie."

Sasa, kulikuwa na maneno mengi duniani. Nzuri lilikuwepo. Ahsante lilikuwepo. Hata kunyamaza na kumshika mkono kulikuwepo. Fundi akasimama, uso umemng'aa kama mtoto aliyepata jibu la hesabu.

"Ni mlango," alisema. "Mama Pacha, ni mlango. Ona." Akauendea, akaugonga kwa kidole kilichokunjwa, huku, kule, akisikiliza. "Mbao zinakula zile kali za juu, zinapitisha za chini tu. Ndiyo maana nikiwa kule inakuwa na joto na nikiwa hapa haina. Mimi nikadhani ni vidole vyako. Kumbe si vidole, wala si wewe kabisa. Ni mlango. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua, sijui nilikuwa nawaza nini." Na akacheka, akijicheka yeye mwenyewe, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, na akatarajia mkewe acheke naye.

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anamtazama tu, kama anavyomtazama mgonjwa anayejieleza dirishani wakati dawa yake ilishakwisha.

"Na wimbo?" aliuliza.

"Wimbo gani?"

"Huu niliopiga."

"Wimbo uko sawa. Wimbo hauna tatizo."

"Ni wimbo gani, Baba Pacha?"

Fundi akafungua mdomo. Wiki kwa wiki alikaa koridoni, wimbo mmoja, kila jioni, umevunjwa na kuungwa masikioni mwake mara zisizo na idadi. Akautafuta. Alikumbuka mahali besi ilipoteleza siku fulani, alikumbuka uzi wa tatu uliolegea, alikumbuka mvua iliyogonga dirisha ikaharibu kipande cha mwisho. Wimbo hakuupata.

"Si ni hizo hizo nyimbo zenu za jazi," alisema mwishowe.

"Ni ule niliokuwa nawabembelezea pacha," Mama Pacha alisema. "Humu humu. Kila siku walipokuwa wanalala, mpaka walipoanza shule. Mdogo wangu aliutambua ile Jumapili, ingawa nilipotea kote kule. Mke wa Mrefu, ambaye hata hajawahi kunisikia nikiuimba, aliniuliza jikoni kama ni wimbo wa watoto."

"Nilikuwa kazini siku zile," Fundi alisema. "Unajua nilikuwa kazini."

"Najua. Ulikuwa unafunga maspika ya watu." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. "Lakini kigoda chako nilikuwa nakisikia. Nikasema, anakuja kila siku, safari hii anasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza sauti."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha, akachomoa waya, akaukunja.

Siku iliyofuata Fundi alirudi kutoka karakana amejiandaa kwa komeo. Alishapanga maneno ya kusema kupitia mbao, mengine yalikuwa mazuri kweli. Alikuta mlango wa chumba cha pacha uko wazi. Mkewe amekaa kwenye kigoda, anapiga. Kesho yake wazi. Keshokutwa wazi. Komeo halikulia tena. Fundi akashindwa kujizuia, akamwambia Mrefu: "Amefungua. Nilikwambia atafungua, wanawake mimi nawajua." Akatembea siku nzima amevimba kama andazi.

Jioni hiyo aliingia bila kubisha, akakaa kitandani, akafumba macho, akangoja. Mama Pacha alipiga kipande, akakosea, akarudia, akakosea tena, akaguna, akaendelea. Simu ikaita, ni shemeji. Akaongea naye kwa muda, akacheka mpaka akafuta machozi, habari ya mwanafunzi fulani aliyeendesha gari mpaka ndani ya bustani ya watu. Habari hiyo Fundi hakusimuliwa. Simu ikaisha, gitaa likaendelea pale lilipoachwa.

"Leo besi imekaa vizuri," Fundi alisema.

"Eeh."

Akangoja. Akajaribu upande wa pili. "Hapo umeharibu. Umeharakisha."

"Eeh," alisema Mama Pacha, eeh ileile, na gumba lake halikusita hata kidogo.

Fundi akakohoa. Akakohoa kwa nguvu zaidi, kikohozi kile kile ambacho zamani kilikuwa kinalinyamazisha gitaa upande wa pili wa mbao ngumu. Lilikwenda tu. Akaangalia vitanda, akaangalia pazia, akaangalia spika yake nzuri iliyobeba mashati, na polepole sana, kwa mtu mwenye masikio makali namna ile, ikamwingia kwamba anapigiwa kama vinavyopigiwa vitu hivyo vyote. Alipofungiwa nje alikuwa bado mtu wa kufungiwa. Kiliwekwa chuma mlangoni kwa sababu neno lake lilikuwa linaumiza. Sasa yuko ndani, goti karibu na goti, aseme nzuri, aseme mbaya, abane pua aigize mpaka kesho, hakuna atakachokizuia na hakuna atakachokiongeza.

Akainuka. Mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Nikufungie mlango?" aliuliza.

"Upendavyo, Baba Pacha," mkewe alisema, bila kuinua kichwa.

Akatoka akauacha kama ulivyokuwa. Kutoka koridoni aliisikia, nyembamba vilevile, na kwa mara ya kwanza akajaribu kuushika wimbo wenyewe, midomo ikicheza bila sauti. Mstari wa kwanza aliuweza. Wa pili ukampita, na ndani hakukuwa na mtu anayemngojea aufikie.